Mtoto wa pembeni kwenye riwaya za mapenzi: kwanini kila mara staa wa shule ndo anamwona?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza form six mwaka jana, nasoma sana riwaya za mapenzi za matineja, nyingi za Kimarekani, na nimeanza kuandika ya kwangu. Kinachonisumbua, karibu kila kitabu mhusika mkuu ni msichana asiye na marafiki, anajiona hana mvuto, halafu ghafla kijana anaependwa na shule nzima anamwona yeye tu. Mimi shuleni nilikuwa mtu wa pembeni kweli kweli na hakuna alieniona. Hivi vitabu vinatudanganya au mimi ndo sivielewi? Na ya kwangu niiandikeje isiwe uongo?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuanza kuandika maana wengi wanaishia kusema "nina stori kichwani" mpaka wanazeeka nayo. Swali lako huwa nalipata sana kwa wanafunzi ila mara nyingi linakuja na hasira, yani mtu keshaamua hivi vitabu ni takataka anataka tu nimgongee muhuri, wewe umeuliza kama mtu anaetaka kujua. Jibu fupi: vingi vinadanganya ndio, ila uongo wenyewe haupo pale unapodhani. Mtu wa pembeni kupendwa sio uongo hata kidogo, watu wa pembeni wanapendwa kila siku na wengine wanapendwa na vijana wazuri tu wa timu ya basketi, hilo liache. Uongo uko kwenye gharama. Mwandishi anataka msomaji aonje upweke wa kuwa nje ila hataki mhusika alipe chochote kwa kuwa nje, na ikifika siku ya kulipa, kijana anatokea na gari lake.

Chukua mfano ambao naamini umeshausoma, Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005. Bella Swan anatoka Phoenix kwenye jua anahamia Forks, kamji ka mvua huko jimbo la Washington, anakaa na baba yake ambae ndo mkuu wa polisi wa pale, na kuanzia mwanzo anatuambia yeye hafanani na wenzake, anajikwaa kwaa, hajawahi kuwa na sehemu yake. Sawa. Sasa rudi kwenye siku zake za kwanza shuleni, ila safari hii usisikilize anachosema, angalia kinachomtokea. Eric anamkimbilia kumwonesha darasa, Mike anamganda, Jessica anamkalisha mezani kwake siku ile ile ya kwanza, Tyler nae baadae anajipa mwenyewe uhakika kwamba ndo ataenda nae kwenye dansi ya shule. Mimi nimefundisha miaka mingi na nakwambia mgeni akipokelewa hivo shuleni huyo sio mtu wa pembeni, huyo ni mgeni rasmi. Alafu waangalie akina Cullen, familia ya yule kijana atakaempenda Bella, nao tunaambiwa wapo nje ya wenzao, wana meza yao kantini, hawaongei na mtu, na wote ni wazuri kupitiliza, wana hela, wana magari. Kutengwa kwao ni starehe, ni kama kuwa na chumba cha VIP ambacho wengine wanakitazama kwa mbali.

Lakini usije ukanielewa kwamba namcheka Meyer, hapana. Mfululizo ule umeuza nakala zaidi ya milioni 100 na mtu hauzi hivo kwa bahati. Alichofanya ni kumpa Bella nafsi ya kwanza, "mimi" mwanzo mwisho (isipokuwa sehemu moja ya kitabu cha nne na kipande cha mwisho cha kitabu cha tatu, anapopewa mtu mwingine), na alimwacha bila alama nyingi za kipekee, kwahiyo msomaji wa miaka 14 anaingia ndani yake kirahisi. Na msomaji wa miaka 14 anajisikia yupo nje hata kama ana marafiki kumi na ni kiranja. Hisia ile ni ya kweli kabisa. Kwahiyo ukisema Bella ni muongo hujamtendea haki, anasema kweli kuhusu anavojisikia, ila kitabu hakituoneshi sababu, hakuna kinachomsukuma nje. Wewe ulisukumwa na kitu, ndo maana ulikuwa unasoma huku moyo unakataa.

Ukitaka kuona gharama ikitajwa waziwazi rudi nyuma mpaka 1967, The Outsiders ya S. E. Hinton. Sio riwaya ya mapenzi, najua, ila riwaya nyingi za mapenzi za watoto waliotengwa zimekopa pale zikijua zisijue. Huyu dada alianza kuiandika ana miaka 15, bado yupo sekondari huko Tulsa, Oklahoma, na wachapishaji wakamshauri atumie herufi za mwanzo tu za majina yake ili wahakiki wasishtukie kuwa ni mwanamke. Kuna magenge mawili, watoto wa maskini na watoto wa matajiri. Ponyboy wa upande wa maskini anakutana na Cherry, binti wa upande wa pili, kwenye sinema ya uwanja wa wazi, wanapiga stori mpaka wanagundua wote wawili huwa wanaangalia jua likizama, jua lile lile, kila mtu kwenye mtaa wake. Msomaji aliezoea riwaya za leo anaanza kutabasamu hapo. Alafu wanapoagana Cherry anamwambia kwa upole kabisa kwamba wakikutana koridoni shuleni na asipomsalimia, asichukulie vibaya. Basi, hamna busu wala machozi. Binti anampenda penda yule kijana na bado hawezi kumsalimia mbele za watu, na hatukanwi na mwandishi kwa hilo, anaeleweka. Mimi ule ukurasa nauweka juu ya riwaya nyingi nzima nzima za mapenzi nilizosoma baada ya hapo.

Sasa kwanini waandishi wengi hawafati njia hiyo? Sababu kubwa ni sisi wasomaji. Kuna kisa cha sinema kinachoonesha hili vizuri, Pretty in Pink ya 1986 iliyoandikwa na John Hughes. Andie ni binti wa maskini anaejishonea nguo mwenyewe, ana rafiki yake Duckie ambae nae ni wa pembeni na anampenda kufa, na kuna Blane, mtoto wa kitajiri. Kwenye mwisho uliopigwa kwanza Andie alibaki na Duckie. Wakaionesha kwa watazamaji wa majaribio, watu wakazomea, wakarudi kupiga upya ule mwisho Andie akaenda na tajiri. Hughes nadhani ilimkaa rohoni kwasababu mwaka uliofata tu, 1987, ikatoka nyingine aliyoiandika, Some Kind of Wonderful, stori karibu ile ile kageuza jinsia na safari hii rafiki wa pembeni ndo anachukuliwa. Yani soko lilipiga kura, likasema tunataka mtoto wa pembeni avuke aende ng'ambo ya pili, hatutaki abaki upande wake na mwenzake. Zile stori za kuvua miwani na kufungua nywele binti akageuka malkia nazo zinatoka kiwanda hicho hicho, sitakaa sana hapo kwasababu hata wewe unazijua, miwani ikivuliwa ndo unagundua hakuwahi kuwa mbaya hata sekunde moja.

Njoo kwenye kitabu ambacho mimi hupenda kukitolea mfano kwa sababu ndani yake kuna vyote viwili, kilichofanywa vizuri na kilichofanywa vibaya. Eleanor & Park ya Rainbow Rowell, ilitoka Uingereza 2012 na Marekani 2013, stori inatokea Omaha, Nebraska, mwaka 1986. Eleanor ni mnene, nywele nyekundu zimemjaa kichwani, anavaa mashati ya kiume yenye viraka. Anapanda basi la shule siku ya kwanza na hakuna anaempisha, kila kiti kina mwenyewe. Park, ambae mama yake ni Mkorea na baba ni mzungu, ndo anamwambia akae, ila angalia anavomwambia, anamtolea na tusi juu! Hajamhurumia, ameona aibu tu, anaogopa ile vurugu isije ikamgeukia yeye maana nafasi yake mwenyewe kwenye lile basi ni ya kubahatisha. Hapo mwandishi kashatuambia kitu ambacho Twilight haikusema, kwamba kumkaribisha mtu wa nje kuna hatari na mtoto wa miaka 16 anaipiga hesabu hiyo hatari kabla hajawa mwema.

Wanakaa kiti kimoja siku na siku bila kusalimiana. Park anasoma vitabu vya katuni, anashtukia yule dada anasoma nae kwa kuibia. Hasemi kitu. Anaanza kukifungua kitabu zaidi na kusubiri kidogo kabla ya kufunua ukurasa. Mapenzi yao yanaanza hapo, kwenye ukurasa unaosubiriwa, na nikwambie hiyo ndo kazi ya mwandishi anaejua, hajamfanya Eleanor apendeze ghafla, hajavua mtu miwani. Baadae Park anakuja kumwona mzuri ndio, ila ni kwa macho yake yeye na baada ya muda, shule nzima haikubadili mawazo.

Na gharama sasa. Kwao Eleanor kuna baba wa kambo, mlevi, mkorofi, alishawahi kumfukuza nyumbani akaishi kwa watu mwaka mzima. Analala chumba kimoja na wadogo zake wanne. Bafu halina mlango. Hana simu kwahiyo yale maongezi ya usiku kucha unayoyaona kwenye riwaya nyingine kwake hayapo, wikiendi kwake ni ukimya. Park akimpa kaseti ya miziki inabidi ampe na kiredio cha kuisikilizia, na akimpa hicho kiredio inabidi ampe na betri. Betri! Mwandishi mvivu angeishia kwenye kaseti. Shuleni wenzake wanachukua nguo zake wanazitumbukiza chooni akiwa kwenye kipindi cha michezo. Na hata kuvaa vile vituko vyake, mwanzoni unadhani ni swaga, baadae unaelewa nusu ni ujeuri na nusu ni kwamba ndo nguo zilizopo.

Mwisho wake nitauharibu kidogo unisamehe. Mapenzi hayamtibu Eleanor. Park anachoweza kumfanyia ni kuendesha gari usiku mpaka St. Paul, Minnesota, kwa mjomba wake, ili atoke kwenye ile nyumba, na baada ya hapo Eleanor anashindwa hata kumjibu barua zake kwa muda mrefu, mpaka mwisho kabisa inakuja postikadi yenye maneno matatu tu ambayo hatuambiwi ni yapi. Watu wanabishana mpaka leo ni maneno gani. Mimi sijali sana ni yapi, ninachojali ni kwamba mwandishi alikubali kijana awe mlango wa kutokea tu, asiwe mganga.

Kilichofanywa vibaya ni upande wa Park. Baadhi ya wasomaji wenye asili ya Asia walilalamika, na mimi nawaunga mkono kwa sehemu kubwa, kwamba ule uKorea wake umetazamwa kutoka nje. Mama yake anaongea Kiingereza cha kuvunjika vunjika na anafananishwa na kidoli, na Park mwenyewe anauonea aibu ukoo wa mama yake na kitabu hakiichimbi hiyo aibu inatoka wapi, kinaipita. Yani kitabu kimoja, mwandishi mmoja, watoto wawili wa pembeni, mmoja kamwandika kutoka ndani ya ngozi yake na mwingine kamwandika akiwa amesimama dirishani. Ukisoma kwa makini utaona mpaka sentensi zinabadilika.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo naona hukuliuliza ila linakuhusu sana: nani anasimulia? Kuna kitabu cha Jerry Spinelli cha mwaka 2000, Stargirl. Binti anaingia shule moja Arizona, amewahi kusomea nyumbani, anavaa magauni ya kizamani, anabeba panya wake kwenye begi, anawaimbia watu siku zao za kuzaliwa kwa kigitaa kidogo. Shule inashangaa, inamuabudu, alafu inamgeuka kabisa mpaka inamnyamazia, na ananyamaziwa pamoja na Leo, kijana anaempenda. Leo anashindwa kuvumilia. Anamwomba awe wa kawaida. Binti anakubali, anarudi kwenye jina lake la Susan, ananunua nguo za kila mtu, na bado shule haimtaki, na hiyo sehemu inauma kuliko zote kwasababu inaonesha mtu aliewekwa nje hata akifata sheria zote mlango haufunguki. Sasa msimulizi ni Leo. Sio Stargirl. Sisi hatujui usiku ule anavua zile nguo za kawaida alikuwa anawaza nini. Ni kitabu kizuri, nakipenda, ila binti pale anabaki kuwa somo la maisha ya kijana. Na wapo wengi wa aina hiyo, binti wa ajabu ajabu, mcheshi, ana siri, kazi yake ni kumfungua macho kijana mpole alafu apotee. Mhakiki wa filamu Nathan Rabin mwaka 2007 alibuni hadi jina la kumwita mhusika wa namna hiyo, likasambaa mpaka likamchosha mwenyewe, 2014 akaandika kuomba radhi kwa kulileta duniani! John Green kwenye Paper Towns ya 2008 alijaribu kuuvunja huo mtego, kijana anamtafuta Margo kitabu kizima kama vile anatafuta muujiza na akimpata anakuta ni msichana tu, amekasirika, hakuomba kutafutwa. Wapo wanaosema alifanikiwa na wapo wanaosema bado kurasa zaidi ya mia tatu ni za kijana. Mimi nipo katikati, nadhani alijua tatizo ila alilitatua akiwa amechelewa, kule mwishoni.

Kuhusu mwili, umesema wahusika "wanajiona hawana mvuto", hapo soma Dumplin' ya Julie Murphy, 2015. Willowdean ni binti mnene huko Texas, mama yake alikuwa malkia wa urembo wa mji na bado ndo anayaendesha yale mashindano. Mwanzoni Willowdean hana shida na mwili wake, anajiamini tu vizuri. Shida inaanza akipendwa. Bo, kijana hendsam wanaefanya nae kazi kwenye mgahawa, akimshika mgongoni yeye anajikunja kwa aibu, anaanza kujiona kwa macho ya watu watakaowaona pamoja. Umeona hapo? Riwaya za kawaida zinasema mapenzi yanakuja kuondoa aibu. Hii inasema mapenzi yanaweza kuileta, kwasababu ukiwa peke yako hakuna anaekulinganisha na mtu, ila ukisimama pembeni ya hendsam kila mtu anashika mizani. Wapo wasomaji wanene waliochukia hilo, wakasema tumechoka, kwanini lazima ajichukie ndo stori iende. Wana hoja. Ila kama uchunguzi wa moyo wa binti wa miaka 16 mimi naona Murphy kagusa penyewe.

Alafu kuna kundi ambalo sababu ya kuwa nje haivuliki hata ukitaka, dini, rangi, makaratasi. Tahereh Mafi, A Very Large Expanse of Sea, 2018. Shirin ana miaka 16, familia yake ni ya Kiirani, anavaa hijabu, na ni mwaka 2002, mwaka mmoja tu baada ya yale mashambulizi ya New York. Kila akifika shule mpya anaitwa gaidi. Kwahiyo kajifunza kutotazama watu usoni, kaweka hedifoni ndani ya mtandio, anapita. Anakuja Ocean, mzungu, na ndio, bila kukuficha, ni staa wa basketi wa shule! Kwahiyo ukiangalia juu juu ni stori ile ile unayoilalamikia. Ila Mafi anafanya kitu kimoja, Shirin anamwambia yule kijana mapema kabisa kwamba hujui unachojiingiza, nae haamini maana maisha yake yote watu wamempenda, alafu mji unamgeuka kweli. Mpaka kocha wake na mama yake mzazi wanamwendea binti kumwambia aachane nae. Mzigo ukianza kumwangukia kijana ndo anaelewa kidogo tu kile ambacho mwenzake amekibeba kila siku. Nawajua mabinti wa kwetu wanaosoma huko Ulaya na Marekani ambao wanavaa hijabu, kitabu hiki wamepeana mikononi, na sishangai. Na kwenye The Sun Is Also a Star ya Nicola Yoon, 2016, Natasha ni Mjamaika anaeishi New York bila vibali na anarudishwa kwao usiku wa siku ile ile anayokutana na Daniel. Kitabu kizima karibu ni siku moja. Unasoma unajiambia mapenzi haya lazima yazuie ndege. Ndege inaondoka.

Sasa tuje kwako. Umesema shuleni "hakuna alieniona", na sitakupa maneno ya faraja ya bei rahisi. Ila nikuulize kama mwalimu wa fasihi, una uhakika ni hakuna, au hakuna kati ya wale uliokuwa unawatazama? Kwenye haya mavitabu kamera huwa imeelekezwa kwa staa, na sisi tunajifunza kutazama huko huko. Watoto wa pembeni mara nyingi huonwa na watoto wengine wa pembeni, na stori hizo hazina soko kama ulivoona kwa Duckie. Kuna binti anakaa na wewe dawati la nyuma, kuna kijana wa maktaba anaejua vitabu ulivoazima... sijui, wewe ndo unajua. Kama kweli hakukuwa na hata mmoja basi hiyo nayo ni stori na iandike hivo hivo.

Kitu kingine, acha kuazima vinavyowatenga Wamarekani. Nimesoma miswada mingi ya vijana wetu ambayo binti anakula peke yake kwenye meza ya kantini na ana makabati ya koridoni, wakati mwandishi kasoma shule ya bweni ya serikali ambapo unakula na sahani yako mkononi umekaa kwenye ndoo. Kwetu mtu anawekwa nje na vitu vingine kabisa. Anarudishwa nyumbani michango haijakamilika, anarudi wiki tatu baadae wenzake wameshapanga makundi. Ametoka shule ya kata ya kijijini kapangiwa shule ya vipaji na Kiingereza chake kinachekwa, au kinyume chake, katoka English medium na Kiswahili chake ndo kinachekwa. Ni wa kutwa kwenye shule ya bweni. Tranka lake halina kufuli zuri na kila kikiibiwa kitu wanamtazama yeye. Anasemekana kwao kuna uchawi. Alipata mimba, na kuanzia Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu waliojifungua warudi shule za serikali, sasa niambie huyo mama wa miaka 17 aliekaa dawati la mbele na maziwa yanamjaa saa nne asubuhi, nani ameandika riwaya yake ya mapenzi? Mimi sijaiona.

Na sio kwamba hatuna pa kuanzia. Euphrase Kezilahabi kwenye Rosa Mistika, 1971, alimwandika binti anaepigwa vibaya na baba yake kwasababu ya barua tu kutoka kwa mvulana, na kipigo kile kinamfanya aogope wavulana kabisa, na kila kinachofata maishani mwake kinatokea pale. Kile kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, baadae kikaja kusomwa humo humo mashuleni. Mwisho wake ni wa kutisha na sikwambii uandike hivo, siku hizi nadhani binti anaweza kukosea bila kufa. Ila angalia pale mwanzo, barua, fimbo, hofu, kila kimoja kimezaliwa na kilichotangulia. Kutengwa kwake kuna chanzo na kuna bili.

Sasa kwa muswada wako fanya hivi. Kabla hujaandika sura ya pili chukua karatasi uandike kitu kimoja tu kinachomweka huyo binti nje, kimoja kinachoshikika, sio "yupo tofauti". Alafu andika kinamgharimu nini Jumatatu asubuhi, kinamgharimu nini Jumamosi usiku. Ukishindwa kujibu Jumatatu basi bado humjui. Alafu kijana akija, jiulize na yeye anapoteza nini kwa kukaa nae, na kama hapotezi kitu basi huyo binti hayupo nje, umemwambia tu msomaji kwamba yupo nje. Na mwisho ukifika chungulia tena ile karatasi, kile kitu bado kipo? Kama kimeyeyuka kwasababu kapendwa, umeandika Cinderella, ambayo sio dhambi, zinauzika, ila usije kuniuliza tena kwanini ni uongo.

Usimfiche pia ubaya wake. Watoto waliotengwa sio malaika, wengi wana midomo michafu, wana dharau, wanawatenga walio chini yao zaidi, Eleanor mwenyewe ana maneno makali kweli. Mimi nikisoma mtoto wa pembeni mpole mwanzo mwisho najua mwandishi anamhurumia, na msomaji wako aliewahi kuwa pale ataligundua hilo kabla yangu.

Nafsi ya kwanza au ya tatu, chagua mwenyewe, ila ukichagua ya kwanza weka mambo ambayo yeye hayaoni na sisi tunayaona, mtu anaemsogezea kiti yeye akadhani kiti kilikuwa wazi tu. Na yule kijana wa basketi usimfute, najua ulikuwa unataka kumfuta baada ya kusoma haya yote. Mwache, ila mpe jina la kawaida, mpunguzie urefu kidogo, na kwenye sura tatu za kwanza asimtazame binti kabisa. Binti ndo amtazame yeye, ajue mpaka siku ambazo jezi yake haijafuliwa. Ukifika sura ya nne nitumie niione.